Uji wa Bi Ngiri Bila Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Na wakubwa waitikie, hadithi hii ni yenu pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Sogeeni, na mwenye mtoto amshike.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakunywa uji kabla ya kwenda malishoni, Bi Ngiri alikuwa amepiga magoti anasaga ulezi. Kwaru, kwaru, kwaru. Jasho linamtoka. Watoto wanamzunguka, mikia juu. Kwaru, kwaru, kwaru. Mara akatokea Kanga, mbio, vumbi tifu tifu nyuma yake.

Kanga alikuwa shoga wa Bi Ngiri. Hakuwa na kazi maalumu, ila habari zote zilimpitia yeye kwanza.

"Shoga, acha kusaga," akasema. "Wanahama."

Bi Ngiri hakuacha kusaga. Akauliza nani anahama. Kanga akasema wote. Mto unakauka. Pundamilia na Nyumbu wanakwenda mashariki, Chemchemini. Swala na Twiga wanakwenda magharibi, Mikwajuni, kwenye lile bwawa. Pale Kivukoni watabaki wachache, wazee na wavivu.

Hapo jiwe likasimama.

Sasa nieleze, ili mjue kwa nini lilisimama. Bi Ngiri alikuwa mpika uji pale Kivukoni, mahali mto unapokuwa mwembamba na wanyama huvuka. Uji wake ulikuwa wa ulezi, umechachuka kiasi, mkali kidogo ulimini, mtulivu tumboni. Kila siku aliacha uji kidogo chunguni. Hiyo ndiyo ilikuwa chachu, ya kukolezea uji wa kesho. Chachu ile aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na haikuwahi kukatika.

Pundamilia alikunywa. Swala alikunywa. Twiga alikunywa, na bakuli lake lilitundikwa mtini. Hata Bibi Nyati alikunywa, yule mkongwe ambaye hakusifu kitu tangu azaliwe. Alikunywa, akanyamaza. Bibi Nyati akinyamaza, hiyo ndiyo sifa.

Kila mnyama alilipa kwa alichojaliwa: mizizi, matunda, masuke ya ulezi. Hayo ndiyo yaliyowalisha watoto wa Bi Ngiri. Baba yao aliondoka zamani na hakuacha hata mzizi.

Basi wateja wakihama, watoto watakula nini? Na kuwafuata hakuwezekani. Watoto walikuwa wadogo, na njiani kuna Simba. Hata kama angewafuata, angewafuata wapi, mashariki au magharibi? Ngiri mmoja hawezi kukata njia mbili.

Bi Ngiri akaanza tena kusaga. Kwaru, kwaru, kwaru. Akasema, "Mimi siwezi kwenda. Lakini uji unaweza."

Kanga akamtazama kama anayetazama mgonjwa.

Habari zikaenea, maana Kanga alikuwepo. Kabla jua halijasimama wakaja wawili. Wa kwanza ni Bi Nguchiro, mdogo kama mwiko, pamoja na dada zake na wadogo zake na watoto wao, kundi zima. Huyo alitaka kupika Chemchemini. Wa pili ni Bwana Nyani, kifua mbele, amekuja peke yake kwa sababu hakuona haja ya msaada. Huyo alitaka kupika Mikwajuni.

Wakaelewana. Watapika uji wa Bi Ngiri, kwa jina la Bi Ngiri, kwa chachu ya Bi Ngiri. Sehemu ya malipo itarudi Kivukoni, kwa kuwa jina ni lake. Iliyobaki ni ya mpishi, kwa kuwa jasho ni lake. Wakamwuliza uji unapikwaje.

"Unachemsha maji chungu kimoja," akasema Bi Ngiri. "Unatia konzi mbili za unga. Unakoroga mpaka uive. Unatia chachu. Basi."

Wakaondoka na chachu vibuyuni. Huyu mashariki, huyu magharibi. Bi Ngiri akarudi jikoni, akaona amefanya kazi kubwa kwa maneno machache.

Je, alikuwa ameifanya?

Ngojeni.

Kule Mikwajuni, Bwana Nyani alichemsha maji. Akatia konzi moja. Mnaijua konzi ya nyani? Ina vidole, ina kiganja, inabeba. Pu! Akatia konzi ya pili. Pu! Akakoroga, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya chungu kama nguzo. Swala akaja na bakuli, akapewa donge. Akalitafuna mpaka mchana. Twiga akalimeza, na shingo ile mnaijua. Kila mtu alisimama akiliangalia donge likishuka, likishuka, likishuka, na Twiga machozi yanamtoka.

Kule Chemchemini, Bi Nguchiro alichemsha maji. Akatia konzi moja. Mnaijua konzi ya nguchiro? Ti. Akatia ya pili. Ti. Akakoroga, ndugu zake wakakoroga, wote wakakoroga. Pundamilia akaja, akatazama ndani ya bakuli, akaona milia yake mwenyewe.

Na huyo Bibi Nyati alikuwa mzito wa kusifu, lakini si mzito wa miguu. Alipita Mikwajuni, akala donge, akalitema. Akapita Chemchemini, akanywa maji ya moto, akayatema. Kisha akarudi mpaka Kivukoni, akapita mbele ya jiko la Bi Ngiri bila kusimama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba Ngiri amezeeka.

Hilo lilimchoma Bi Ngiri kuliko kuni. Kwa sababu asubuhi yake, hata wale wazee waliobaki Kivukoni, waliokunywa uji wake miaka yote, walianza kuunusa kwanza. Uji ulikuwa uleule. Chungu kilekile. Wakaunusa. Wengine wakaacha bakuli nusu. Wengine hawakuja. Jioni ile watoto walikula mizizi michungu, na wa kwanza kulia alilialia mpaka wote wakafuata.

Kanga alimshauri avunje mapatano yote. Awanyang'anye chachu, awatangaze kuwa ni matapeli, asafishe jina. Wengi wangefanya hivyo. Ni rahisi kusema mwenzio ni mjinga, na hakuchoshi chochote ila ulimi.

Bi Ngiri hakufanya hivyo. Aliwaita wote wawili. Akawaambia majiko yale yafungwe kwanza. Kisha akamwambia Bwana Nyani amwonyeshe alivyopika, naye Bi Nguchiro amwonyeshe alivyopika. Akatazama. Nyani akatia konzi mbili, pu, pu. Nguchiro akatia konzi mbili, ti, ti. Wote wawili walifanya kama walivyoambiwa.

"Sasa wewe, shoga," akasema Kanga. "Tuone konzi yako."

Bi Ngiri akainua mguu wake. Akautazama. Ulikuwa na kwato. Kwato haifumbi, haifumbuki, haichoti hata punje.

Bwana Nyani akaanza kucheka, na Bi Nguchiro akacheka, na ndugu zake wote wakacheka kwa zamu, na mwisho Bi Ngiri mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ametaja konzi maisha yake yote. Alikuwa ameambiwa konzi na mama yake, ambaye naye alikuwa na kwato. Hakuna ngiri aliyewahi kuwa na konzi. Lilikuwa neno tu, limerithiwa pamoja na chungu.

Basi kipimo chake kilikuwa nini? Ikabidi apike wakimtazama. Akapiga magoti. Akausukuma unga kwa pua, ukarundikana. Akasukuma tena. Rundo lilipofunika jino lake lililopinda, lile la kushoto, akaacha kusukuma. Akaumimina. Hakuwahi kujua kwamba anafanya hivyo.

Kumbe kipimo kilikuwa usoni mwake. Na uso wake hauwezi kwenda Mikwajuni.

Nataka muelewe jambo hili, hasa nyinyi mnaosema fulani ana mkono wa bahati. Bi Ngiri alikuwa na kila sababu ya kujivuna hapo. Angeweza kusema, mnaona, hii kazi ni yangu peke yangu, Mungu ameniumbia jino. Wateja wangemsifu. Naye angesaga peke yake mpaka jino lidondoke.

Yeye alikwenda kwa Mbuni. Akaomba yai lililooza, lile lisiloanguliwa, la kutupwa. Mbuni akampa, akashukuru kuondolewa harufu. Bi Ngiri akalitoboa juu, akalisafisha, akarudi nalo jikoni. Akasukuma unga mpaka jino. Akaumimina ule unga ndani ya ganda. Pale unga ulipofika, akalikata ganda kwa jino, polepole, kre, kre, kre, mpaka likabaki bakuli dogo. Ukijaza ukasawazisha, ndiyo hiyo. Si zaidi, si pungufu. Akaomba mayai mengine mabovu, akakata mengine, akayapima kwa lile la kwanza. Yaliyopasuka akayatupa. Yaliyozidi akayakata tena. Mengi yalipasuka. Hakulalamika. Aliomba mengine.

Bwana Nyani alipopewa lake aliligeuza-geuza. Akauliza mkono wake una kasoro gani. Tena akasema, kwa kuwa wanazungumza ukweli, uji ule ungependeza zaidi ukitiwa ndizi, na kwamba Mikwajuni ndizi zipo.

"Uji wa ndizi ni mtamu," akajibu Bi Ngiri. "Upike. Lakini uuite uji wa Nyani."

Nyani akakuna kichwa. Akamwuliza Kanga, kwa sauti ya chini, jina la Nyani lina sifa gani huko nje.

"Ya kuiba mahindi," akasema Kanga.

Nyani akanawa mikono, akachukua ganda.

Kisha yakaanza mafundisho. Si ya maneno machache tena. Walipika pale pale Kivukoni, jikoni kwa Bi Ngiri, mbele ya wazee walewale walionusa. Bi Ngiri aliona Nguchiro wanakoroga kwa pupa, akaona Nyani anakoroga kwa uvivu, akaona kuna mambo mengine yaliyokaa masikioni mwake kama kipimo kilivyokaa jinoni. Moto unapunguzwa lini? Chungu kinaepuliwa lini? Yeye alikuwa anasikia tu. Akakaa karibu na chungu, akasikiliza anachokisikia. Akakitungia wimbo, kwa sababu wimbo unabebeka. Nao ni huu, tuimbe wote:

Koroga, usikimbie,
Koroga, usisinzie.
Chungu kikisema pwata, toa kuni.
Chungu kikinyamaza, epua.

Tena.

Koroga, usikimbie,
Koroga, usisinzie.
Chungu kikisema pwata, toa kuni.
Chungu kikinyamaza, epua.

Mmeona? Sasa hata nyinyi mnajua. Ndivyo alivyotaka.

Kisha likaja lililo gumu kuliko yote. Bi Ngiri akasema wapike bila yeye. Akaenda matopeni, hatua chache tu, akalala, akajipaka tope mpaka masikioni. Bi Nguchiro akauliza kutoka jikoni kama sasa atie chachu. Bi Ngiri akajibu kutoka matopeni kwamba bado, asubiri upoe. Nyani akauliza kama huo ni mnato wa kutosha. Bi Ngiri akainua shingo, akajibu. Wakauliza tena, akajibu tena. Uji ukaiva, ukawa mzuri kabisa, wakashangilia.

Yeye hakushangilia. Alitoka matopeni, akasema uji ule alikuwa ameupika yeye, kwa mdomo. "Kama uji hauivi mpaka mimi niseme," akasema, "basi ninachouza si uji. Ninauza mgongo wangu."

Siku iliyofuata akalala tena matopeni, na Kanga akakaa juu ya kichwa chake. Kanga alipewa kazi moja: kila Bi Ngiri akifungua mdomo, amdonoe. Bi Nguchiro akauliza. Bi Ngiri akafungua mdomo. Ko! Nyani akauliza. Bi Ngiri akafungua mdomo. Ko! Kanga aliifanya kazi ile kwa moyo mkunjufu kuliko ilivyopasa, na mpaka leo wanabishana kama madono mengine yalikuwa ya lazima. Kule jikoni walipoona hawajibiwi, mmoja wa wadogo zake Nguchiro akaanza kuimba. Koroga, usikimbie. Wengine wakapokea. Chungu kikasema pwata, wakatoa kuni. Chungu kikanyamaza, wakaepua. Ukapoa, wakatia chachu.

Bi Ngiri akaonja. Akatazama chini, akaonja tena. Alimwita mzee Kobe, mmoja wa wale waliokuwa wananusa, akampa bakuli. Kobe akanusa. Akanywa. Akalamba ukingo, akauliza kama upo mwingine.

Wakafanya hivyo mara nyingi, kwa sababu kupatia mara moja ni bahati. Walipopatia mpaka Kanga akasinzia kichwani kwa kukosa kazi, Bi Ngiri akawapa maganda yao, na chachu mpya, na ruhusa. Akawaambia jambo moja la mwisho: chachu ikiharibika, warudi kwake wakachukue nyingine; wasione haya, wasikoleze kwa ndimu. Nyani akatazama pembeni. Alikuwa amekwisha kuifikiria ndimu.

Wakaenda. Huyu mashariki, huyu magharibi.

Siku ya kufungua majiko, Bi Ngiri alibaki Kivukoni. Mnadhani ilikuwa rahisi? Miguu ilimwasha. Alijua kwamba Bibi Nyati yuko njiani, na kundi lote linamfuata Bibi Nyati. Akitema tena, hakuna atakayerudi kwenye uji wa Ngiri, si mashariki, si magharibi, si Kivukoni. Akisaga, anasimama. Akisimama, anatazama njia. Watoto wakamwuliza kuna nini, akawaambia wakachimbe mizizi, maana uji ukitemwa itabidi waishi kwa hiyo.

Kwaru, kwaru. Anasimama. Kwaru. Anatazama.

Jua lilikuwa linainama alipotokea Kanga. Vumbi tifu tifu. Safari hii hakumwambia aache kusaga. Alilala tu chini, mabawa wazi, akahema. Bi Ngiri akampa maji. Akamngoja. Kumngoja Kanga aseme ni jambo lisilowahi kutokea.

Kanga akaanza. Bibi Nyati alifika Chemchemini, kundi lote nyuma yake. Hakusalimia. Akapewa bakuli. Akanusa. Pundamilia wote wakaacha kutafuna. Akanywa funda moja, akafunga macho. Bi Nguchiro na ndugu zake wakasimama kwa miguu ya nyuma, wote kwa pamoja, wakimtazama. Bibi Nyati akanywa bakuli zima. Akaliweka chini.

"Akatema?" akauliza Bi Ngiri.

"Ngoja, shoga. Akauliza, yuko wapi Ngiri."

Wakamwambia hayupo, yuko Kivukoni. Bibi Nyati akasema asidanganywe, yeye si mtoto. Akazunguka nyuma ya jiko. Akasukuma kichaka kwa pembe. Akakuta shimo la Nguchiro, akainama, ingawa goti lilimuuma, akachungulia ndani akaita, "Ngiri, toka, nimekujua." Hakutoka mtu. Akachungulia tena. Akainuka, akatazama chungu, akawatazama Nguchiro mmoja mmoja, akarudi kwenye bakuli lake. Akanyamaza.

"Akanyamaza?" akauliza Bi Ngiri.

"Kimya," akasema Kanga. "Kisha akaomba bakuli la pili, akanyamaza na hilo."

Na kundi lote likapanga foleni. Na Mikwajuni? Mikwajuni nako, Kanga amesikia njiani, kumekwenda vizuri. Twiga alikataa kuanza, akaanza Swala, akamaliza. Ndipo Twiga akanywa, na kitu hakikuonekana kikishuka shingoni. Bwana Nyani anamwambia kila anayepita kwamba ganda la yai lilikuwa wazo lake. Mwacheni aseme. Kipimo ni kilekile.

Bi Ngiri hakupiga kigelegele. Alipangusa jiwe la kusagia. Akasema kesho itabidi aongeze chachu, kwa sababu vibuyu vitarudi vitupu. Lakini alisimama pale kidogo, akicheka peke yake kwa ndani, akimwona Bibi Nyati na kichwa chake ndani ya shimo la nguchiro.

Kisha, sehemu yake ilipoletwa, akaandaa chakula. Mizizi mitamu ya Chemchemini, matunda ya Mikwajuni, na uji. Bakuli kwa kila mtoto, na moja kwa Kanga, ambaye aliombwa abaki na hakuwa na mpango wa kuondoka. Akawatazama wakila, akawahesabu kama mama anavyohesabu, kwa majina. Tope yupo. Mzizi yupo. Kishina yupo, anakula cha mwenzake. Na yule mdogo, ambaye hakuwa amepewa jina kwa sababu mama yake hakuwahi kupata nafasi ya kufikiri, naye yupo. Jioni ile nafasi ilipatikana. Akaitwa Wasaa.

Wote walikuwepo. Wakala, wakashiba.

Basi mafunzo ni haya, nayasema wazi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kazi nzuri iliyofichwa ndani ya mtu mmoja huchoka naye, huugua naye, huzikwa naye. Ukitaka jina lako lifike usikofika wewe, kwanza ujue unachokifanya. Kipime. Kifundishe. Kisha ufunge mdomo wako, wengine wapike.

Hadithi yangu naiepua hapo. Aliyekunywa, aoshe bakuli lake.